Malipo ya kahawa yanapokwama njiani

Swali: Natengeneza programu ya kulipa kwa simu wakulima wa AMCOS (chama cha ushirika) yetu ya kahawa huku Mapera, Mbinga. Kila ombi kwa kampuni ya simu huchukua sekunde 5, na nyuzi (threads) zote 50 za seva hukwama. Niongeze nyuzi?

Jibu: Usiongeze, ndugu yangu. Tuseme una wakulima 1,000: kwa nyuzi 50 ni sekunde 100, na muda wote huo nyuzi zako zinangoja tu. Karani wa mizani akishapima kahawa mbivu, hasimami kando ya kichanja akisubiri ikauke. Anaandika risiti na kumwita anayefuata. Fanya hivyo: tuma ombi, achia uzi, jibu likirudi kazi iendelee. Node.js inafanya hivyo tangu 2009. Kama seva yako ni ya Java, toleo la 21 la mwaka 2023 lina nyuzi pepe (virtual threads): unaandika msimbo wa kawaida, na uzi halisi unaachiwa wakati wa kusubiri.

Ila weka kikomo cha maombi yanayokwenda kwa pamoja, la sivyo utaizidi nguvu seva ya upande wa pili.

Linalonitia hofu zaidi ni pesa yenyewe. Kukosa jibu si kushindwa. Huenda malipo yamekwishapita. Kila malipo yape namba ya pekee, iandike kwenye hifadhidata kabla ya kutuma, na uulize hali ya muamala kabla ya kurudia. Ukirudia kwa pupa, mmoja atalipwa mara mbili kwa fedha ya mwenzake aliyehudumia mibuni mwaka mzima.