Ugonjwa wa kusahau si uchawi

Ndugu wasomaji, hebu chukueni kalamu muandike neno KULA. Sasa futeni herufi L, na mahali pake wekeni F. Neno limekuwa KUFA. Ni herufi moja tu iliyobadilika, lakini maana imegeuka kabisa. Leo tutajifunza habari za herufi moja ya namna hiyo. Haikuandikwa kwenye karatasi. Imo ndani ya miili ya watu, na imeleta misiba mingi katika ukoo mmoja.

Ukoo huo unatoka Kolombia, nchi ya Amerika ya Kusini, katika milima ya mkoa wa Antioquia. Wengi wao walikuwa wakulima. Kwa miaka mingi waliona mambo ya kutisha. Mtu ana nguvu zake, hajafika hata miaka 50, anaanza kuuliza swali lile lile mara kumi. Halafu anapotea njia ya kurudi kwake. Baadaye hawatambui hata watoto aliowazaa. Mwisho analala tu kitandani, hawezi kula wala kusema, mpaka anakufa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo "upumbavu" kwa lugha yao. Wengine walisema ni laana. Wengine walisema eti mgonjwa amegusa mti mbaya.

Katika miaka ya 1980 daktari mmoja, Francisco Lopera, aliyekulia mkoa huo huo, alikutana na wagonjwa wa namna hii. Alisikia kwamba wazazi wao pia walipatwa hivyo hivyo. Hakucheka habari za laana. Yeye na muuguzi Lucía Madrigal walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza: baba yako alikuwa nani? Babu yako je? Alifariki namna gani? Kazi hiyo ilichukua miaka, tena wakati nchi ina vita. Kumbe wagonjwa wote walikuwa watu wa ukoo mmoja mkubwa, wenye watu kama 6,000.

Mwaka 1995 herufi iliyokosewa ilijulikana. Tueleze polepole, maana hapa ndipo penye somo.

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo, hazionekani kwa macho. Ndani yake mna maandishi tunayorithi kwa baba na mama. Maandishi hayo huitwa jeni. Kila jeni ni kama barua ya maagizo: tengeneza protini hii hivi na hivi. Protini ni kama uzi wa shanga. Jeni tunayoisema huagiza uzi wa shanga 467. Katika ukoo ule herufi moja imebadilika, basi shanga ya 280 siyo ile inayotakiwa.

Je, shanga moja ina madhara gani? Protini hiyo ni sehemu ya mkasi wa mwili. Mkasi huo hukata protini nyingine vipande vipande. Shanga ya 280 ikiwa siyo, mkasi hukata vibaya, na vipande virefu vinavyonata huongezeka. Vinagandana na kujaa katikati ya chembe za ubongo. Uchafu huo huitwa amiloidi. Baadaye protini nyingine, tau, inajisokota ndani ya chembe kama kamba iliyofungana. Chembe zinakufa, na kumbukumbu zinapotea. Uchafu huanza kujaa zaidi ya miaka 10 kabla mtu hajaanza kusahau!

Mzazi akiwa na herufi hiyo, kila mtoto anayezaliwa ni kama kurusha shilingi juu: huenda akairithi, huenda asiirithi. Hakuna aliyemroga.

Toka mwaka 2013 watu 252 wa ukoo huo walijitolea kujaribu dawa ya kuzuia amiloidi. Mwaka 2022 ilionekana kuwa dawa haikuwafaa. Walihuzunika sana. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa ukoo huo. Alikuwa na herufi ile mbaya, na bado alikaa na akili zake mpaka miaka ya sabini! Mwaka 2019 wataalamu walieleza kwamba alikuwa na badiliko lingine, katika jeni nyingine, lililomkinga. Ubongo wake ulijaa amiloidi, lakini tau ilikuwa kidogo. Sasa watafiti wanaifuata njia hiyo. Daktari Lopera mwenyewe alifariki Septemba 2024.

Ugonjwa huu huitwa Alzheimer (tamka Alzaima), kwa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1906. Msiogope kwamba kila anayesahau ana herufi ile. Wagonjwa walio wengi duniani huanza baada ya miaka 65, wala si kwa herufi moja ya kurithi. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini mzee akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni kwenye zahanati, kwa sababu malaria au ugonjwa mwingine unaotibika waweza kuleta hali hiyo. Akiuliza jambo mara kumi, mjibuni mara kumi kwa upole. Msimwache peke yake karibu na moto au kisima. Na bibi akitangatanga usiku kwa kupotea njia, yeye ni mgonjwa. Siyo mchawi.

Maswali
1. Mkasi wa mwili ukikata vibaya, nini hujaa kwenye ubongo?
2. Kwa nini yule mama hakuugua mapema kama ndugu zake?
3. Kijijini kwenu watu husema nini juu ya mzee anayesahau? Jadilianeni.