Usingoje Kupona Ndipo Uanze Kuishi

Masomo: Mathayo 6:25–30, 1 Timotheo 5:23, 2 Timotheo 4:20



Wengi kanisani tunaishi na magonjwa yasiyoisha kwa dozi moja: presha, pumu, sukari. Mimi niko na sukari, mwaka huu ni wa 11. Ninaombewa na ninaamini Mungu huponya. Pia nameza dawa kila asubuhi. Lakini naona wapendwa wameacha kwenda harusi, wameacha shamba, wameacha hata kutembelea wajukuu, wanasema, "Nikipona nitaenda." Jameni, siku unazongoja uponyaji ni siku za Mungu pia. Ziishi.

1. Ugonjwa si kipimo cha imani

Paulo ndiye yule ambaye vitambaa vyake vilipelekwa kwa wagonjwa wakapona (Matendo 19:11–12). Paulo huyo huyo alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa, na hatusomi popote kwamba alimlaumu. Timotheo naye aliugua mara kwa mara. Alishauriwa jinsi ya kutunza tumbo lake, na kazi ya Bwana akaendelea nayo.

Kwa hivyo mtu asikuambie utupe dawa ndio uonyeshe imani. Yesu aliwatuma wale wakoma 10 wajionyeshe kwa makuhani (Luka 17:14). Kama Bwana amekugusa, rudi kliniki upimwe. Daktari ndiye atakupunguzia dawa.

2. Toka nje

Watu walipokuwa na wasiwasi juu ya chakula na mwili, Yesu aliwaelekeza macho kwa ndege na maua. Utawaonaje kama umejifungia ndani na mapazia?

Jumamosi mimi na kina mama wa ushirika wetu hutembea msitu wa Karura, mwendo wa kupiga stori, si wa kushindana. Tunaona kima wakiruka mitini, tunafika kwa maporomoko ya maji, tunacheka. Huko mimi si mgonjwa wa mtu, mimi ni mama fulani tu. Na mwili unafaidika: misuli ikifanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Kama Karura ni mbali, njia ya shambani inatosha.

3. Toka ukiwa umejipanga

Kujipanga si woga, ni hekima. Mimi hufanya hivi:

- Napima sukari kabla ya kutoka, na siendi na njaa.
- Nabeba glukosi mfukoni. Nikitetemeka na kutoa jasho baridi, nakaa chini nipime. Ikiwa chini ya 4, nakunywa vijiko 3 vya chai vya sukari kwa maji, nangoja dakika 15, napima tena.
- Navaa soksi na raba. Sukari hupunguza hisia za miguu. Mwiba unaweza kukudunga usijue. Nikirudi, nakagua nyayo.
- Mwenye insulini asiiache juani wala ndani ya gari. Joto huiharibu.
- Wenzangu wanajua hali yangu. Wakinikuta nimezimia, wasinimiminie soda mdomoni, wanikimbize hospitali.

Kama una kidonda mguuni, au kifua hukubana ukitembea, muone daktari kwanza.

Zoezi la wiki hii

Chagua jambo moja uliloliacha kwa sababu ya ugonjwa. Mwulize daktari wako jinsi ya kulifanya salama, kisha umwalike ndugu mmoja muende pamoja. Na wewe uliye mzima, usingoje kualikwa. Pitia kwa jirani mgonjwa umwambie, "Twende tutembee kidogo."

Tuombe: Baba, asante kwa mwili huu, hata unapouma. Tuponye kwa wakati wako, na leo utupe furaha ya leo. Katika jina la Yesu, amina.