Taa za Mbele, Rilei na Fyuzi: Elimu kwa Wenye Magari ya Zamani, Arusha na Arumeru

Malalamiko yamekuwa mengi. Wanaoshuka usiku kutoka Ngare Nanyuki wanasema taa zao haziwaonyeshi hata ng'ombe aliyesimama kwenye kona. Wanaopishana na magari makuukuu njia ya Namanga, kuanzia Ngaramtoni hadi Oldonyo Sambu, wanasema kinyume: gari la miaka ya themanini linakuja na mwanga wa uwanja wa mpira, na wao wanabaki kuendesha kwa kubahatisha. Na gereji, kuanzia Unga Limited hadi Usa River, zinatuonyesha nyaya zilizoyeyuka kutoka kwenye betri mpaka ndani ya dashibodi.

Yote haya yanakutana kwenye kifaa kimoja kidogo, rilei. Yupo anayekihitaji na hana. Yupo aliyefungiwa, kisha akaweka globu kupita kiasi. Na yupo aliyefungiwa ovyo, naye ndiye anayetunyima usingizi. Tumeyasema haya stendi, tumeyasema gereji, tumeyasema kwenye mikutano ya madereva. Kwa upande wetu hatudaiwi. Wasiosikia sasa wasome.

ONYO LA KWANZA

Waya wowote unaotoka kwenye chanya ya betri lazima upite kwenye fyuzi kabla ya kwenda popote. Fyuzi hiyo ikae umbali usiozidi shubiri moja kutoka kwenye betri. Si karibu na rilei. Si karibu na taa. Karibu na betri. Kama huna muda wa kusoma kurasa zinazofuata, soma aya hii mara ya pili.

KWA NINI TAA ZIMEFIFIA

Globu ya kawaida ya H4 inakula wati 55 kwenye dimu na wati 60 kwenye fuli. Zikiwaka mbili, umeme unaopita ni kati ya ampea 9 na 10. Katika Land Rover nyingi za zamani, zikiwemo Defender zinazobeba watalii, ampea zote hizo zinatoka kwenye betri, zinaingia ndani hadi kwenye swichi ya stering, kisha zinarudi mbele kwenye taa. Waya ni mwembamba na umezeeka. Ndani ya swichi kuna vibati vidogo vilivyoliwa na cheche kwa miaka thelathini. Kila kiungo kinakula volti kidogo, na kila volti inayoliwa inageuka joto. Ndiyo maana baadhi ya madereva wanashika swichi usiku na kuikuta ya moto. Swichi ya namna hiyo iko njiani kufa, na ikifa inakufa taa zikiwa zinawaka.

Mwanga wa globu ya nyuzi haushuki hatua kwa hatua na volti. Unashuka haraka zaidi. Ukipoteza sehemu moja ya kumi ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Kwa hiyo dereva anayebadilisha globu kila mwezi akitafuta mwanga anatupa fedha. Globu ni nzima, chakula hakiifikii.

Kupima ni rahisi. Washa injini, washa taa, acha soketi ikiwa imechomekwa. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chuma cha waya wa chanya nyuma ya globu. Namba inayotokea ndiyo volti zinazopotelea njiani. Ikizidi nusu volti, waya au swichi imechoka. Sasa fanya hivyo hivyo upande wa ethi: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa globu.

Hapa tutasema neno ambalo baadhi ya mafundi hawatalipenda. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye ethi peke yake. Vumbi la mlimani linaingia, mvua za masika zinafuata, na ile bolti inayoshika waya wa ethi kwenye bodi inaota kutu. Ukiifungua, ukaisugua kwa msasa hadi chuma king'ae, ukaifunga tena na kupaka grisi juu, taa zinaweza kurudi bila kununua chochote. Fundi anayekuuzia rilei kabla ya kugusa ethi yako, muulize kwa nini.

RILEI INAFANYA NINI

Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo. Ndani yake kuna koili. Ikipata umeme kidogo sana, chini ya robo ampea, inageuka sumaku na kuvuta kibati kinachounganisha njia ya umeme mkubwa. Unaisikia ikilia "tik". Kwa hiyo swichi ya stering haibebi tena ampea 10. Inabeba amri tu, na mzigo unakwenda moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye taa kupitia waya mnene.

Geuza rilei uangalie miguu yake. Namba zimeandikwa. Mguu wa 30 unapokea umeme wa betri, uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Mguu wa 87 unapeleka kwenye globu. Miguu ya 85 na 86 ni ya koili: mmoja unapata ethi, mwingine unapata ule waya wa zamani uliokuwa unawasha taa. Rilei nyingine zina mguu wa tano, 87a, katikati. Huo una umeme wakati rilei imelala. Ukiuchanganya na 87, taa zitawaka ukizima swichi na kuzima ukiwasha. Usinunue rilei isiyo na namba.

Zinahitajika mbili, moja ya dimu na moja ya fuli. Zifungwe mahali pakavu, mbali na bomba la moshi, miguu ikiangalia chini ili maji yasituame. Waya wa mzigo usiwe mwembamba kuliko milimita za mraba 2.5. Na waya mpya wa ethi, unene uleule, utoke kwenye kila taa hadi kwenye chuma kisafi. Watu wanaweka waya mpya wa chanya na kuacha ethi ya mwaka 1985, kisha wanasema rilei hazina maana.

WENYE TOYOTA, SIMAMENI HAPA

Mchoro unaopita mkono kwa mkono katika gereji zetu ni wa Land Rover. Land Cruiser na Hilux nyingi za zamani hazikufungwa hivyo. Kwenye Toyota hizo, umeme wa chanya unafika kwenye globu mara tu taa zinapowashwa, na swichi ya dimu na fuli inakata na kuunga upande wa ethi. Fundi akifuata mchoro wa Land Rover, rilei haziitiki, au taa ya bluu ya fuli kwenye dashibodi inawaka muda wote. Hapo ndipo anapoanza kukata nyaya kwa hasira.

Kabla ya kukata chochote, chomoa soketi za taa zote mbili. Washa taa. Funga klipu ya testa kwenye bodi, kisha gusa matundu ya soketi moja moja huku mwenzako akibadilisha dimu na fuli. Testa ikihama kutoka tundu moja kwenda jingine, gari ni la mtindo wa Land Rover. Tundu likiwa ni lilelile moja, dimu au fuli, gari linakata kwa ethi. Hapo mguu wa 86 wa rilei zote mbili upate umeme wa tundu lile lisilobadilika, na mguu wa 85 wa kila rilei uende kwenye waya wake, wa dimu au wa fuli. Ni kipimo cha dakika tano na kinaokoa siku nzima.

TUNARUDI KWENYE FYUZI

Tunarudi kwa sababu tunajua ukurasa huu ndio utakaorukwa.

Waya uliotolewa kwenye betri bila fyuzi haulindwi na kitu chochote. Fikiria njia ya Momella: mawe, mashimo, mtikisiko wa saa nzima. Waya umepitishwa kwenye tundu la bati bila mpira wa kuuzuia. Bati linasaga ganda la waya kidogo kidogo hadi shaba inagusa bodi. Betri ya kawaida ya gari inaweza kusukuma mamia ya ampea kwenye shoti kama hiyo. Ndani ya sekunde chache ganda linatoa moshi, linayeyuka na kushika nyaya za jirani. Kama mpira wa mafuta uko karibu, huhitaji kuelezwa zaidi.

Na kuzima ufunguo hakusaidii. Waya huo hautoki kwenye ufunguo, unatoka kwenye betri. Gari linaweza kuungua likiwa limeegeshwa Njiro, mwenyewe amelala.

Fyuzi ikiwekwa kule mbele karibu na taa, inalinda kipande kilicho baada yake tu. Mita nzima ya waya kati yake na betri inabaki uchi. Kosa hili tunaliona hata kwa mafundi wanaojiita wakongwe. Shubiri moja kutoka kwenye betri. Tunarudia: shubiri moja.

Weka fyuzi mbili, ya dimu na ya fuli, kila moja ampea 15. Ni ile ya bluu. Ya njano ni 20, ya kijani ni 30. Zikiwa mbili, ya dimu ikikatika kwenye mteremko wa Kisongo bado una fuli ya kukufikisha pembeni. Fyuzi ikikatika, tafuta sababu. Usiweke ya kijani mahali pa bluu. Usifunge karatasi ya sigara. Usisokote uzi wa shaba. Fyuzi moja inauzwa shilingi mia chache, na anayeikwepa hana hoja tunayoweza kuisikiliza.

Kabla ya kazi yoyote, fungua kichwa cha hasi cha betri kwanza, na ukifunge mwisho. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, utakumbuka maneno haya.

GLOBU ZA MIA

Rilei si ruhusa ya kuweka globu za wati 100. Mbili zinakula zaidi ya ampea 16, zinayeyusha soketi ya plastiki na kuunguza kioo cha ndani cha taa, ambacho kikishapauka hakirudi. Wanaoweka LED kwenye taa iliyotengenezwa kwa globu ya nyuzi wanatawanya mwanga juu, machoni pa anayekuja. Ukimpofusha dereva wa lori, lori halipotei. Linakuja upande wako. Rilei ikifungwa vizuri, globu ya 60/55 inatosha barabara zote za mkoa huu. Baada ya kazi, panga mwanga wa taa ukutani, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ipo tangu mwaka 1973. Taa mbovu ni kosa, na kusema "fundi ndiye aliyefanya" si utetezi.

NANI ANAHUSIKA

Magari ya volti 12 yenye globu za nyuzi ambayo hayakutoka kiwandani na rilei za taa, au ambayo rilei zake zimekufa. Malori na baadhi ya Land Cruiser za dizeli ni volti 24: rilei, globu na fyuzi zihesabiwe kwa volti hizo. Gari la kampuni au la kukodi, idhini ya mwenye gari kwanza. Gari lenye dhamana au taa za kompyuta, usiguse.

FUNDI YUPI

Muulize maswali mawili: fyuzi utaiweka wapi, na gari langu linakata chanya au ethi? Akijibu bila kufikiri sana, mwachie kazi. Akicheka, chukua ufunguo wako. Chuo cha Ufundi Arusha na vyuo vya VETA vinatoa mafundi waliosomea umeme wa magari, na VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Fundi wa mtaani mwenye mkono mzuri hana sababu ya kuukwepa. Viungo vibanwe kwa taminali na kibano chake. Kusokota nyaya na kuzungusha teepu nyeusi tunakukataa.

UKIONA MOSHI

Egesha, zima injini, shusha abiria wote upande wa mbali na barabara. Usifungue boneti yote. Hewa inaulisha moto. Fungua kidogo, elekeza kizima moto cha poda kwenye mwanya, chini ya moshi. Kama moto umeshapita hapo, acha gari uondoke. Kizima moto kikae karibu na dereva. Kikiwa chini ya mizigo, hesabu kwamba huna. Piga Zimamoto, namba 114, taja barabara na kijiji ulipo, na usikate simu kabla hawajakuambia.