Jinsi ya Kuusikiliza "See Emily Play"

Wimbo huu wa Pink Floyd hauzidi dakika 3. Ulitoka Juni 1967, singo yao ya pili, ukapanda hadi nafasi ya 6 kwenye chati za Uingereza. Humo ndani kuna mengi, kwa hiyo usiyakimbilie yote kwa pamoja. Urudie mara kadhaa, na kila mara fuata kitu kimoja.

Anza na mono. Ndivyo ulivyochanganywa studio. Ile sterio iliyo kwenye mkusanyo wa Relics wa 1971 ilitengenezwa baadaye kutokana na mono hiyohiyo. Mkusanyo wa 1997 uitwao 1967: The First Three Singles utakufaa.

Mara ya kwanza, usichambue. Weka simu kando, ongeza sauti, uache upite wote.

Mara ya pili, fuata gitaa. Mpigaji ni Syd Barrett, ambaye pia ndiye mtunzi na mwimbaji. Sikia noti zinavyoteleza badala ya kuruka: anaburuta kitu kigumu juu ya nyuzi, na mwangwi unazirefusha. Inasimuliwa kwamba kitu hicho kilikuwa rula ya plastiki.

Mara ya tatu, fuata kinanda. Richard Wright ndiye anayeupa wimbo rangi yake ya ndoto. Kaa tayari kiitikio cha kwanza kinapoisha: piano inapita mbio isivyo kawaida. Hiyo ni kanda iliyoharakishwa.

Mara ya nne, shuka chini. Besi ya Roger Waters na ngoma za Nick Mason ndizo zinazoushikilia wimbo wakati vitu vingine vinaelea.

Sasa weka "Arnold Layne" pembeni yake. Hiyo ndiyo singo ya kwanza, ya Machi 1967, chini ya prodyuza Joe Boyd. "Emily" ilisimamiwa na Norman Smith, aliyewahi kuwa fundi sauti wa Beatles. Albamu yao ya kwanza walikuwa wakiirekodi kwenye studio za Abbey Road, lakini kwa singo hii walirudi studio ya Sound Techniques, Chelsea, kuitafuta sauti ya "Arnold Layne". Sikiliza kama waliipata.

Ndipo uende kwenye albamu hiyo. The Piper at the Gates of Dawn ilitoka Agosti mwaka huohuo. Ukinunua toleo la Uingereza, "Emily" hutaikuta. Toleo la kwanza la Marekani ndilo lililoanza nayo.

Malizia na David Bowie. Aliurudia wimbo huu kwenye albamu yake Pin Ups, 1973. Ukiwa umeshalizoea gitaa la Barrett na kinanda cha Wright, utatambua mwenyewe Bowie alibakisha nini na aliongeza nini. Mpaka hapo huhitaji mchambuzi. Masikio yako yanatosha.