Viatu vya Magurudumu na Mteremko Wetu: Kijitabu cha Familia za Kianjokoma

Likizo ya Desemba ikifika, matatu za kutoka Nairobi huteremsha Kianjokoma wajukuu, mikate na, siku hizi, viatu vya magurudumu. Mtoto wa jijini amejifunzia kwenye saruji ya mtaa wao, au amewatazama vijana wanaokusanyika Jumapili karibu na Mahakama ya Juu magari yanapopungua katikati ya jiji. Huku anakuta barabara ya lami inayoshuka kuelekea Embu mjini, na binamu kadhaa wanaosubiri zamu yao. Wazazi wako sokoni au shambani wakichuma majani chai. Anayebaki na kundi lote hilo ni shosho.

Kijitabu hiki ni cha shosho, guka, mama na baba, na cha mtoto mwenyewe aliyefika umri wa kujisomea.

Mchezo wenyewe hatuukatazi. Mtoto anayeteleza kwa magurudumu hupata miguu yenye nguvu, hujifunza kudhibiti mwili wake, na moyo na mapafu yake hufanya kazi. Afadhali huo kuliko kushinda akitazama simu. Tunachosisitiza ni utaratibu: ajifunze kwanza kuanguka, kisha kusimama, halafu ndipo ajifunze kwenda. Na yote hayo ayafanyie mahali tambarare. Watoto wengi huanza na mwendo, kwa sababu mwendo ndio wenye raha, kisha breki wanaitafuta wakiwa tayari wamechelewa.

Kosa hilo ni la kale. Katika karne ya 18, mjini London, fundi John Joseph Merlin aliingia kwenye karamu amevaa viatu vya magurudumu alivyovibuni mwenyewe, huku akipiga fidla. Viatu vile havikuwa na breki, wala hakujua namna ya kugeuka. Inasimuliwa kwamba aligonga kioo kikubwa cha thamani, kikavunjika vipande, naye akaumia vibaya. Karibu miaka 100 ilipita hadi Mmarekani James Plimpton, mwaka 1863, alipotoa kiatu chenye magurudumu mawili mbele na mawili nyuma ambacho hugeuka mvaaji anapoegemea upande. Viatu vimeboreka tangu hapo, lakini mtoto anayeanza bado yuko pale alipokuwa Merlin.

Ardhi yetu inashuka

Kianjokoma imekaa kwenye migongo inayoteremka kutoka Mlima Kenya. Mtembea kwa miguu hauhisi mteremko mdogo, lakini gurudumu linauhisi. Mtoto anayejiachia kwenye mteremko ambao sehemu yake ya chini iko mita 5 tu chini ya ile ya juu anaweza kufika chini akiwa na kasi inayokaribia kilomita 30 kwa saa. Hiyo ni kasi ya bodaboda. Mtoto huyo hana breki anayoijua, na mbele yake kuna lori la majani chai linalopanda kwenda kiwandani, au matatu inayosimama ghafla kupakia abiria.

Kwa hiyo, barabara ya lami si mahali pa kujifunzia. Si asubuhi kabla ya magari kuwa mengi, si Jumapili, wala si "hapa tu mbele ya duka". Na mtoto asishike kamwe nyuma ya gari, lori au bodaboda ili avutwe. Dereva hamwoni, na gari likifunga breki yeye haachi kwenda.

Mahali panapofaa papo. Shule nyingi zina veranda pana au uwanja wa saruji. Makanisa yana nyua zilizosakafiwa. Hata kituo cha kununulia majani chai huwa na sakafu nzuri siku ambayo hakuna kupima majani, mradi mmepewa ruhusa na kamati na sakafu haina ukingo ambao mtoto anaweza kutumbukia. Ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu au kwa wazee wa kanisa kabla ya watoto kuingia. Wengi watakubali wakiombwa kwa heshima na wakijua kuna mtu mzima atakayesimamia.

Mkifika, chukueni mpira muuweke chini, muuachie. Ukibingirika wenyewe, hapo pana mteremko, sogeeni kwingine. Ukitulia, fagieni. Kokoto moja ndogo inatosha kuzuia gurudumu la mbele na kumwangusha mtoto kifudifudi. Sakafu ikiwa imelowa, iwe ni kwa mvua ya Aprili au kwa ule ukungu wa Julai unaoacha saruji ikiwa na unyevunyevu hadi mchana, ahirisheni. Na pale penye kuvu ya kijani pasitumiwe hata kama pamekauka juujuu.

Mkono ndio huumia kwanza

Mtu anapoanguka, mwili wake hautaki ushauri: mikono hutangulia mbele, viganja vikafunguka, na uzito wote ukatua juu ya vifundo vya mikono. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Marekani na kuchapishwa mwaka 1996 uliangalia watu walioumia kwa viatu vya magurudumu vilivyopangwa mstari mmoja. Robo ya majeraha yote yalikuwa kifundo cha mkono kilichovunjika. Ambao hawakuvaa kinga za vifundo walikuwa katika hatari ya kuumia hapo takribani mara kumi zaidi ya waliozivaa.

Hii ndiyo sababu tunasema hivi kwa mzazi ambaye pesa hazimtoshi kununua kila kitu: helmeti na kinga za vifundo vya mikono kwanza, kisha magoti na viwiko. Kinga nzuri ya kifundo ina kipande kigumu cha plastiki upande wa kiganja, ambacho huteleza juu ya saruji badala ya kunata. Kitambaa kilichofungwa mkononi hakifanyi kazi hiyo. Kwa magoti na viwiko, kinga za mitumba zinafaa zikiwa bado na sifongo ndani na mikanda yake inashika.

Helmeti ya baiskeli inatosha. Ikae sawa juu ya kipaji, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda uwe umekaza kiasi kwamba kidole kimoja tu kinapita chini ya kidevu. Mtoto atikise kichwa. Helmeti ikicheza, si yake. Ile ya bodaboda ya mtu mzima ni nzito kwa shingo ya mtoto, inamzuia kusikia, na inaweza kumzunguka usoni akaacha kuona. Helmeti iliyokwisha kugongwa kwa nguvu haitumiki tena, hata kama ufa hauonekani kwa nje.

Viatu vyenyewe, tafadhali, msivinunue kwa hesabu ya "atakua navyo". Kiatu kipana huacha kifundo cha mguu kipinde ndani yake, na malengelenge ya kisigino huja siku hiyo hiyo. Mtoto avae soksi ndefu, afunge kamba hadi juu, asimame, na kisigino kisipande ndani ya kiatu. Mkinunua mitumba, zungusheni kila gurudumu kwa kidole: lizunguke bila kukwaruza wala kuyumba. Angalieni mpira wa breki. Ukiwa umelika hadi chuma, au haupo kabisa, hicho si kiatu cha anayeanza, kwa bei yoyote ile.

Siku za kwanza

Umri hauna jibu moja. Mtoto asiyeweza kusimama kwa mguu mmoja mpaka uhesabu kumi bila kuyumba, bado, mpeni muda.

Mwanzo ni kwenye nyasi, ambako magurudumu hayaendi. Avae kila kitu, asimame, visigino vikikaribiana na vidole vya miguu vikitazama nje. Magoti yapinde hadi asiweze kuona ncha za viatu vyake akitazama chini. Mikono iwe mbele, mahali anapoiona. Anayesimama wima kama askari wa gwaride huanguka chali, na kuanguka chali ndiko kunakoumiza kisogo.

Kisha aanguke, kwa makusudi, palepale kwenye nyasi. Akihisi anayumba, achuchumae na kushika magoti yake. Mara nyingi hilo peke yake humwokoa. Ikiwa lazima aanguke, aelekee mbele: magoti yenye kinga yatue kwanza, viwiko vifuate, halafu viganja, vidole vikiwa vimeinuliwa juu ili mwenzake asivikanyage kwa magurudumu. Kuinuka kuna njia yake pia. Apige magoti, aweke mguu mmoja mbele, mikono yote miwili ikandamize goti hilo, asimame. Arudie mpaka achoke kucheka. Mtoto aliyeanguka mara nyingi kwenye nyasi haogopi tena, na mwoga ndiye huumia zaidi kwa sababu hukaza mwili.

Akihamia kwenye saruji, atembee kwa hatua fupi kama anavyotembea bata, mpaka viatu vyenyewe vianze kuteleza. Mkubwa atembee kando yake, amshike chini ya kwapa au kiwiko, asimvute kwa mkono. Kabla hajaachiwa ajifunze breki. Kwenye viatu vya mstari mmoja breki huwa kisiginoni: mguu wenye breki utangulie mbele, magoti yapinde, vidole viinuke, kisigino kikandamize polepole. Kwenye viatu vya magurudumu mawili mawili, mpira uko mbele. Mguu wa nyuma ndio unaburuta ncha yake. Njia ya akiba, ambayo humwokoa mtoto hata akisahau yote haya, ni kuelekea kwenye nyasi na kuzikimbilia kwa hatua fupi.

Nusu saa inatosha kwa siku. Miguu iliyochoka haisikii amri, na ajali nyingi huja pale mtoto anaposema "mara moja tu ya mwisho". Vipokea sauti masikioni, hapana. Giza likianza kuingia, viatu vivuliwe.

Akiumia

Mkwaruzo uoshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni mpaka mchanga wote utoke, ufunikwe kwa kitambaa safi. Msipake mafuta ya taa, dawa ya meno, ugoro wala majivu. Jeraha likiwa na udongo au ni la kina, nendeni hospitali muulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Bebeni kile kijitabu cha kliniki cha mtoto. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 ndizo mwanzo wa kinga hiyo, lakini kinga hupungua miaka inavyopita.

Mkono uliovimba au unaouma ukiguswa juu ya mfupa, uchukulieni umevunjika hadi eksirei iseme vingine. Mfupa wa mtoto mara nyingi hauvunjiki pande mbili. Hupasuka upande mmoja na kujikunja kama tawi bichi, kwa hiyo mtoto anaweza bado kuchezesha vidole nanyi mkadhani ni kuteguka tu. Mvueni bangili na saa kabla uvimbe haujaongezeka. Kunjeni gazeti nene au kipande cha katoni kiwe banzi kutoka kwenye kiwiko hadi kiganjani, mkifunge kwa vitambaa bila kukaza, kisha mkono uning'inizwe kifuani kwa leso. Mkono ukiwa umepinda, msiunyooshe, na mtoto asile wala asinywe, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi ili urekebishwe.

Hapa tuna neno maalumu na wakubwa wetu. Kumkanda mtoto mkono ulioumia kunatokana na upendo, tunalijua hilo. Lakini karibu na ncha za mfupa wa mtoto kuna sehemu laini ambayo kwayo mfupa hurefuka. Ikiwa imepasuka hapo, kukanda na kuvuta huisogeza, na mkono unaweza kukua ukiwa umepinda au mfupi kuliko mwenziwe. Shosho, tafadhali, mkono usikandwe. Upelekwe Hospitali ya Kianjokoma siku hiyo hiyo. Ikihitajika, mtaelekezwa Hospitali ya Level 5 ya Embu. Familia ambayo bado haijajisajili na bima ya afya ya SHA ijisajili sasa, si usiku wa ajali.

Mkishapewa plasta, angalieni vidole kila mara. Vikiwa baridi, vya rangi ya bluu, vimekufa ganzi, au mtoto analia kwa maumivu makali kila vikinyooshwa, rudini hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Plasta iliyobana inaweza kuua misuli ya mkono kwa muda wa saa chache.

Kichwa kikigongwa, mchezo umekwisha kwa siku hiyo hata mtoto akisema yuko sawa. Asiachwe peke yake kwa saa 24. Mpelekeni hospitali bila kungoja akipoteza fahamu hata kwa sekunde chache, akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kupita kawaida, akisahau alipo, akipata degedege, akitokwa na maji au damu puani au sikioni, au kichwa kikizidi kuuma. Akilalamika kwamba shingo inauma au miguu haisikii, msimwinue. Mfunikeni asipate baridi na mwite msaada. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haitozwi pesa.

Bandikeni namba hiyo ukutani jikoni, pamoja na ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Na ukimwona mtoto wa jirani akishuka barabara ya lami kwa magurudumu, usimpite: msimamishe, kaa naye kando ya barabara, na umwite mzazi wake aje amchukue.