Paa Hushikwa na Ukuta: Tulivyojenga Upya Nyumba za Mwaloni

Kila upepo wa ziwani unapoezua nyumba za watu, mchango unaokuja kwanza ni bati. Bati linaonekana, linapigwa picha wakati wa kukabidhiwa, na mtoaji anarudi kwake ameridhika. Waya wa kulifunga paa ukutani hauna mfadhili. Nimejitolea na vijana wa mtaa wetu hapa Buswelu kujenga upya nyumba kwenye mialo ya Ilemela, Mwanza, na nasema bila kutafuna maneno: paa likirudishwa bila kufungwa ukutani, tumempa mwenye nyumba bati la kuruka msimu ujao.

Nyumba iliyonisukuma kuandika ni ya mama mmoja mwanika dagaa, upande wa Igombe. Dhoruba ya usiku ilibeba paa lake lote. Tulilikuta shambani kwa jirani limepinduka, bati bado limeshika papi, papi zimeshika kenchi, misumari yote mahali pake. Fundi wa kwanza alipigilia vizuri mno. Ila kati ya kenchi na ukuta hapakuwa na kitu chochote, paa lilikuwa limekaa tu kwa uzito wake. Upepo ukipita juu ya bati haulikandamizi, unalivuta kwenda juu, hasa kwenye kingo na pembe. Ule unaoingia chini ya baraza nao unalisukuma kutokea chini. Bati, mbao na misumari haviwezi kushindana na nguvu hizo mbili. Kinachoweza ni uzito wa ukuta.

Haya, hatua zenyewe. Ya kwanza, mwoneni mwenyekiti wa mtaa, kisha pimeni umbali kutoka majini kabla hamjachimba chochote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa lenyewe halibembelezi: mwaka 2020 lilifikia kina cha rekodi ya miaka ya 1960, na mwaka 2024 likapita hapo. Palikuwa na familia iliyotaka tuwajengee palepale maji yalipowatoa. Tulikataa, tukakaa nao mpaka ndugu yao akawamegea kiwanja juu, mawe yalipo. Ilituchelewesha, lakini nyumba ile sasa ina msingi wa mawe ya Mwanza na haijui maji.

Hatua ya pili ni vifaa, na hapa nina neno na muuzaji mmoja ambaye simtaji. Tulilipia bati za geji 28, fedha za michango ya watu wa kawaida: mama ntilie, bodaboda, walimu. Zilipofika, fundi wetu alishika moja pembeni akaitikisa, ikapiga kelele nyembamba. “Hizi siyo 28,” akasema. Namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, na hizi zilinukia 32. Muuzaji kwenye simu akatuita wachokozi. Basi tukabeba bati moja mpaka mwaloni, kwenye mizani ya samaki, tukatundika. Kisha tukatundika bati la jirani wa mama, la urefu uleule, ambalo alilinunua mwenyewe dukani kwa ALAF na tulilijua kuwa 28. Mshale wa mizani ulisema kila kitu mbele ya wavuvi na wachuuzi waliokusanyika. Tukapiga picha zote mbili, tukamtumia. Jioni ileile kirikuu kilirudi na bati halisi, nauli juu yake. Tangu hapo hatupokei bati bila mizani, na kwa pesa yangu nanunua kwa mwenye kiwanda au wakala wake, hata kama ni ghali kidogo.

Kuchanganya udongo, kunyoosha kamba na kushika timazi sielezi. Kila mtaa una fundi, msikilizeni. Nataka kueleza waya.

Usitumie ule mwembamba wa kufungia nondo. Kando ya ziwa unyevu unaula upesi. Chukua waya mnene wa uzio, ule uliopakwa zinki. Ukuta uliobaki umesimama baada ya kuezuliwa, kozi zake za juu huwa zimelegea, kwa hiyo usizionee huruma. Bomoa kozi nne, hata tano. Pale ulipofika, laza kipande cha nondo ndani ya udongo wa saruji, kikifuata urefu wa ukuta. Pitisha waya chini ya nondo hiyo, ncha moja ipande upande wa ndani wa ukuta, nyingine upande wa nje. Fundi wetu huwaeleza vijana kuwa ni mbeleko: inaanzia chini ya mtoto, ndiyo maana mtoto haanguki. Kisha jenga upya kozi zako kwa saruji, waya ukiwa umezikumbatia. Fanya hivyo kila mahali kenchi itakapokaa, na kwenye pembe nne weka mbili mbili.

Halafu subiri. Hapa ndipo vikundi vingi huharibu, kwa sababu watu wamekuja na hamu ya kupaua. Mama alitujia kila asubuhi.

“Mwangaluka, wanangu. Leo mnaweka bati?”

“Bado, mama. Ukuta unakunywa maji.”

Tulimwagilia asubuhi na jioni, naye akaanza kumwagilia mwenyewe kwa ndoo ya dagaa kabla hatujafika. Ukuta ulipokaza, tukalaza mbao ya juu, tukasimamisha kenchi, tukavuta ncha mbili za kila waya juu ya kenchi na kuzinyonga kwa kipande cha nondo mpaka waya ulie ukiugonga kwa kidole. Usipolia, nyonga tena. Paa la baraza tulilijenga peke yake, likiwa na nguzo zake, ili upepo ukilitaka lile usiondoke na nyumba.

Mwenye uwezo apige lenta kuzunguka nyumba yote, afunge kenchi kwenye nondo za lenta. Fundi wetu alikwenda Bukoba baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi za tofali, na anasema alichokiona kule ni kuta zilizofunguka kwenye pembe kwa kukosa mkanda wa kuzishika. Kwa nyumba nyingi za mwaloni, lenta inazidi fungu lililopo. Waya hauzidi.

Nyumba ya mama imepita vuli na masika, na paa liko pale tulipoliacha. Jirani aliyetuazima bati lake la kupimia ameshabomoa kozi zake za juu kwa hiari yake, anasubiri zamu.

Ukitaka kutusaidia, au kuanzisha kikundi mtaani kwako, usianze na bati. Leta roli la waya mnene, nondo zilizobaki kwenye ujenzi wako, na mifuko miwili ya saruji. Masika inaanza Machi, na ukuta unahitaji muda wa kukaza kabla yake.