Moto Usiohitaji Mvukuto: Vidokezo kwa Mwenye Mgahawa Mdogo

Wafipa wa zamani walijenga malungu, tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia chuma. Katika hatua ya kwanza ya kuyeyusha, moto ulivuta hewa wenyewe kupitia matundu ya chini, bila mtu kukaa akivukuta. Nikiingia mgahawani, iwe Kaoze, bondeni chini ya uwanda wa Ufipa, au Sumbawanga mjini, hilo ndilo ninaloangalia: mwenye mgahawa akienda sokoni, moto unabaki?

1. Fika mapema, na uanze na chai. Juni na Julai baridi ya uwanda wa Ufipa si ya mchezo. Binti aliyetoka kwao saa kumi na moja alfajiri anafika vidole vimekufa ganzi. Mpe kikombe cha moto kwanza. Mkiwa mnakunywa, semeni ya siku: mchele kilo ngapi, maharage ya jana yamebaki kiasi gani, nani anakaa kaunta. Dakika kumi zinatosha, na hakuna atakayekuuliza hayo saa saba mchana watu wamejaa.

2. Kipimo kionyeshe kwa mkono. Watazame wapakuaji wako wawili. Mmoja anajaza wali kwenye bakuli, anausawazisha kwa mwiko, anaupindua katikati ya sahani. Mwenzake anachota tu kwa kukadiria. Mteja yuleyule leo anapata mlima, kesho anapata kichuguu, kwa bei ileile, na lawama inakuja kwako. Chagua bakuli moja, litundike karibu na sufuria. Kisha wasimamishe wote wawili, kila mmoja apakue sahani tatu, zipangeni mezani mzitazame pamoja. Wataona wenyewe. Nyama nayo hesabuni vipande kabla ya chungu kutoka jikoni.

3. Mteja akilalamika, mhudumie yeye kwanza. Mhudumu mwite baadaye, pembeni. Kumgombeza binti wa watu mbele ya madereva wa malori ni kumvunjia heshima, na jioni hiyo hatakuambia kwamba mafuta yamekwisha.

4. Mambo ya mkopo yabebe wewe. Bondeni wateja wengi wanasubiri mpunga uvunwe ndipo walipe, na huwezi kuwafungia mlango majirani. Lakini usimwachie mhudumu wa miaka 19 kazi ya kumkatalia mzee wa mtaa. Weka kikomo, kiandike kwenye daftari, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kukopesha. Shemeji yako akila, aandikwe. Wewe ukila, uandikwe pia, tena wafanyakazi wakiona. Hapo ndipo watakapoamini kwamba daftari si mtego wao peke yao.

5. Habari mbaya itangulie njaa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa mgahawa uliozoea migebuka na dagaa, hiyo ni miezi mitatu ya kupanga upya: dagaa wakavu wanunuliwe mapema, maharage yaungwe vizuri zaidi. Waite wafanyakazi uwaeleze mapema, na muulize mpishi angependa kupika nini. Mara nyingi ana jibu zuri kuliko lako.

6. Pumziko ni haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na siku 84 za likizo ya uzazi. Wengi wetu tunadhani hayo ni ya maofisini. Bandika zamu ukutani. Mpishi asiyepumzika hata Jumapili ndiye anayeunguza maharage Jumatano.

7. Ondoka siku nzima. Shuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa mpaka bondeni, ukanunue mchele mwenyewe, na usipige simu kila nusu saa. Ukirudi jioni, usianze na fedha. Kaa na aliyeshika funguo, umuulize alikwama wapi. Akikutajia sehemu mbili, kesho asubuhi, chai ikiwa mkononi, anzeni na hizo.